Ukiipa Kumi Inakuwaje?

4 Februari

Mpwa wangu, Bi Kwanini,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, isipokuwa goti la mama yako ambalo lina tabia zake: likiona ngazi linagoma, likisikia kuna harusi linapona. Mke wangu anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula vitabu. Mjukuu wetu ameota meno mawili ya chini na ameyajaribu kwenye kidole changu cha shahada, kile kile cha kazi. Mwezi huu kiwanda kikitoa plastiki mbovu, wamlaumu yeye.

Barua yako ya Desemba niliipata. Niliishika kabla ya kuifungua, kama kawaida yangu: karatasi ya gramu sitini. Ya Septemba ilikuwa ya themanini. Huko chuoni mmeanza kubaniwa?

Usinipigie simu, masikio yangu unayajua. Miaka ishirini na sita kando ya mashine ile, sasa mtu akinipigia nasikia kama anakaanga kitu. Andika.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita meneja alituletea wageni, na mmoja ni profesa wako. Wametundika michoro mikubwa ukutani bwaloni, karibu na meza ya vikombe. Mimi si mtu wa kusoma vya ukutani, lakini nilikuwa nasubiri chai. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kama sisimizi, majina matatu. La tatu ni lako! Nilipiga kelele hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko. "Huyu mtoto wa dada yangu! Huyu nimembeba mimi!" Profesa akanipa mkono. Kiganja chake ni laini kama sabuni iliyolowa. Wenzangu, ambao unajua wananiita Rula kwa sababu napima unene wa plastiki kwa vidole viwili na mashine huja baadaye kukubali, sasa wananiita Rula wa Profesa. Nimeacha waniite.

Wanasema hivi. Karatasi yetu ya plastiki ikitoka kwenye mdomo wa mashine inavutwa na kupita kwenye birika la kupozea, ndipo iende kwenye rola ya kuviringishia. Kumbe maji yetu ni mavivu. Watatia chembe za madini, ndogo kuliko vumbi, na maji yatachukua joto haraka kwa karibu thuluthi moja zaidi. Hapo mashine itaongezwa mwendo, kutoka mita arobaini kwa dakika hadi sitini.

Sina ugomvi na maendeleo. Nina swali. Kwenye mchoro wenu mstari wa joto unashuka, unashuka, halafu unagonga chini pwaa, kama mtu aliyedondoka kitandani. Mimi natia mkono birikani kila siku. Karibu na karatasi maji yanachoma. Kiganja kimoja mbele ni ya kuogea. Mbele zaidi ni vuguvugu, na hata ukingoni huwezi kuyaita baridi. Joto halikatiki, linafifia. Ninyi mmelikata wapi?

Anayejivuna kwa sababu yako,
Mjomba Rula


21 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Pole na kidole. Mwambie mkaza-mjomba ninakula, ila si kwa mpangilio. Mama aliniambia habari za goti. Kwa maelezo yake ni kosa la aliyejenga ngazi. Karatasi ni ya gramu sitini kwa sababu naichomoa kwenye mashine ya kuchapia ya idara. Ya themanini imewekwa kwa ajili ya tasnifu. Siku ukishika barua nene ujue nimemaliza.

Nilicheka kuhusu mpishi na mwiko. Baadaye sikucheka. Profesa hakuniambia kwamba michoro ile imetoka nje ya chuo, sembuse kwamba inatundikwa juu ya vikombe vyenu. Hesabu zile nilizifanya peke yangu miezi kumi na moja, na jina langu ni la tatu. La pili ni la mtu ambaye sijawahi kumwona.

Sijui kama niliwahi kukueleza tunavyofanya kazi. Tuko wanne katika chumba kimoja, dirisha lilipakwa rangi likiwa limefungwa na halijafunguka tena. Profesa ana karatasi moja inayovutwa, ya kufikirika tu, na kimiminika juu yake. Mwaka mmoja anatia sumaku pembeni: makala. Mwaka unaofuata anaondoa sumaku, anatia chembe: makala. Halafu anatia vyote viwili. Mwenzangu wa meza ya pili anasema tumebakiza kutia chumvi. Na kila makala huanza kwa sentensi moja: kwamba mtiririko juu ya karatasi inayovutwa una manufaa makubwa katika viwanda vya plastiki. Nimeiandika sentensi hiyo mara saba. Sikuwahi hata mara moja kukuona wewe ndani yake. Nimeona aibu kidogo kukiri hilo, lakini nimelikiri.

Umeuliza tumelikata wapi. Hesabu zetu zinasema joto huisha mbali kabisa na karatasi, umbali usio na mwisho. Kompyuta haijui kitu kisicho na mwisho. Lazima uipe namba, uiambie: hapa ndipo mbali kabisa. Sisi tunaipa tano. Aliyekaa kwenye meza hii kabla yangu aliipa tano, na profesa mwenyewe alipokuwa mwanafunzi aliipa tano. Si mita tano wala vidole vitano. Ni namba ya ndani ya hesabu. Kwa hiyo mstari ule kugonga chini usikutishe. Ule ni mchoro wa hesabu, Mjomba, si birika lako.

Nitatetea tasnifu mwezi wa Juni. Baada ya hapo nitalala siku tatu, halafu nitakuja nyumbani unioneshe hiyo mashine. Ni jambo la ajabu kwamba sijawahi kuiona.

Mpwa wako mwenye kwanini zake


15 Machi

Bi Kwanini,

Marahaba. Nyumbani ni salama. Mama yako amepewa mkongojo, ameutundika mlangoni na kuning'iniza mkoba wake. Mjukuu anasema "ba", na kila mtu mwenye "ba" kwenye jina lake anadai ni yeye.

Maji mapya yamefika. Yamekuja kwenye mapipa ya bluu, lakini maji yenyewe ni ya kijivu kama ya kuoshea ufagio. Vijana wa zamu wanayaita chai ya profesa. Siku ya tatu matundu ya birika yaliziba, tukayachokoa kwa waya asubuhi nzima, na mwanamke anayeshika rola pamoja nami akasema, "Rula, mwite mpwa wako aje ayapige mswaki." Nikamwambia mpwa wangu ana kazi za maana. Akasema, "Sisi je?" Swali hilo nimekuletea wewe.

Sasa tuache utani. Tumejaribu mwendo wa hamsini kwa saa mbili. Plastiki imefika kwenye rola ikiwa laini kama sikio la mtoto. Niliishika, vidole vikaacha alama. Nikueleze maana yake, kwa kuwa hujaiona mashine. Ikifika laini hunata. Ikinata hujizonga kwenye rola. Ikijizonga, mtu anaingiza mkono na kisu kuikata, rola ikiwa bado inazunguka, maana ukiizima yote inaganda mdomoni mwa mashine na kuichokoa ni kazi ya siku mbili. Mtu huyo ni mimi. Kwa mwendo wa arobaini hutokea mara moja kwa mwezi. Kwa hamsini imetokea mara mbili kwa saa mbili.

Nikaenda kwa meneja. "Rula," akasema, "hutaki maendeleo?" Nikamwambia, "Nayataka, ila yasinifikie bado ya moto." Akanionesha mchoro. Akasema hesabu zinaonesha karatasi inapoa, na walioziandika wamesoma. Nikasema mmoja wao ni damu yangu, na nitamuuliza. Akacheka, lakini amekubali kusubiri, kwa sababu mashine ile hakuna anayeijua kunizidi na yeye analijua hilo. Kwa hiyo mwendo wa sitini unangoja barua yako. Ukisema haifai, nitakataa, na zamu nzima itakataa nami. Ukisema inafaa, nitafunga mdomo na kunoa kisu.

Nimeifikiria sana ile tano yenu. Usinicheke, mimi niliishia darasa la saba. Lakini kama maji bado ni vuguvugu pale mliposema ndio mwisho, basi mmeyalazimisha kuwa baridi. Na ukilazimisha maji yawe baridi karibu, si itaonekana joto linakimbia haraka kuliko linavyokimbia kweli?

Ukiipa kumi inakuwaje?

Mjomba


2 Aprili

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, pamoja na mjukuu na "ba" yake. Mimi ni mzima. Hali ya hewa imetulia. Wiki hii walikuja kufungua lile dirisha letu. Fundi alitumia patasi na sasa halifungiki. Mwenzangu wa meza ya pili amepata kazi ya kufundisha na ameondoka. Alituachia kikombe chake na deni la vitabu viwili vya maktaba. Nilipata picha ya Mama na mkongojo wake. Amependeza. Mwambie mkaza-mjomba kwamba vile vitambaa vya meza alivyonipa bado ninavyo, kimoja nimekitandika chini ya kompyuta.

Profesa aliniita ofisini kwake. Alinipa kiti. Katika miaka minne sijawahi kukaa mle. Siku yangu ya kutetea tasnifu imewahishwa, sasa ni tarehe kumi na mbili Mei. Ni habari njema, kila mtu ananiambia hivyo.

Kuhusu swali lako la kumi, bado linafanyiwa kazi. Hesabu hizi ni nyeti na si vizuri kuzitolea neno kabla hazijapitiwa na wote wanaohusika. Kwa sasa nadhani ni busara ufuate maelekezo ya wakubwa wako, kwa uangalifu. Vaa glavu.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Nilikuwa na mambo mengi.

Mpwa wako


4 Mei

Kwa mpwa wangu,

Salamu. Sisi sote ni wazima.

Barua yako ya tarehe 2 Aprili ilifika tarehe 9 Aprili. Nilimpa meneja aisome, kama tulivyokubaliana.

Nimehamishiwa stoo. Ni kazi nyepesi. Nakaa kwenye kiti na kuhesabu maboksi.

Nakutakia heri katika mtihani wako wa tarehe 12. Soma kwa bidii.

Barua hii nimechapishiwa dukani. Ni mambo ya kisasa.

Mjomba wako


16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimefaulu. Nakuandikia kwenye karatasi ya tasnifu, iliyobaki baada ya kuchapa nakala ya mwisho. Sihitaji kukuambia ni gramu ngapi. Utaisikia mwenyewe kabla ya kufungua bahasha.

Walikuwa watu watano mbele yangu. Mmoja aliniuliza matumizi ya kazi hii ni yapi. Profesa akajibu kwa niaba yangu: kiwanda kimoja cha plastiki tayari kinaitumia, mwendo wa mashine umepanda kwa nusu. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama kiatu changu.

Mjomba, barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Hukuniita Bi Kwanini. Hakuna utani hata mmoja. Umechapishiwa dukani, wewe ambaye uliwahi kukataa kujaza fomu ya kiwanda kwa sababu kalamu yao ilikuwa mbaya. Mahali pa sahihi pana muhuri wa duka.

Na stoo ya nini? Nani anapima plastiki?

Nilimpigia Mama. Nikamuuliza, "Mjomba ana nini?" Akasema, "Muulize mwenyewe." Nikasema, "Hasikii kwenye simu, nakuuliza wewe." Akasema ana kitu jikoni kinaungua, akakata. Mama hajawahi kuunguza kitu.

Niandikie. Chochote kile. Ila kwa mkono wako.

Mpwa wako


2 Juni

Mpwa wangu,

Umetaka kwa mkono wangu. Huu ni wa kushoto. Ukurasa huu nimeuandika siku mbili.

Tarehe 9 Aprili meneja alisoma barua yako kwa sauti, bwaloni. Alirudia maneno "ufuate maelekezo ya wakubwa wako". Zamu ilinitazama. Nikasema, basi, amesema. Tarehe 10 tukapanda hadi sitini.

Tarehe 16, saa nne asubuhi, plastiki ilijizonga mara ya tatu siku hiyo. Niliingiza mkono. Glavu nilikuwa nimevaa, kama ulivyosema. Glavu ndiyo iliyonata. Bila glavu pengine ningeuchomoa.

Kidole gumba cha kulia kipo. Cha shahada na cha kati havipo. Cha pete kipo lakini hakina habari.

Mwanamke wa rola ndiye aliyezima mashine. Amepewa barua ya onyo, kwa sababu iliganda siku mbili. Sasa anakata yeye.

Kiwanda kimefanya kikao kuhusu ajali. Barua yako imo kwenye faili lao. Wanasema mfanyakazi alishauriwa na mtaalamu, tena ndugu yake, akaridhia. Kwa hiyo ni uzembe wangu.

Nilimkataza mama yako asikuambie kabla ya mtihani. Alilia, nikamwambia lia lakini nyamaza.

Sina maneno mengi, mkono huu haujazoea. Nina swali langu la Machi tu. Umelijibu kwa hali ya hewa na dirisha. Nalirudia.

Ukiipa kumi inakuwaje?

Mjomba


10 Juni

Mjomba,

Sitaanza na shikamoo. Nimeiandika nikaifuta, kwa sababu baada yake ningeuliza habari za nyumbani, na baada ya hizo ningepata mahali pengine pa kujificha.

Barua yako ya Machi niliipata tarehe 22. Tarehe 24, asubuhi, kabla wenzangu hawajafika, niliipa kumi. Ni kubadilisha namba moja kwenye mstari mmoja. Kompyuta ilifikiri kwa muda usiotosha hata kumwaga chai.

Mstari haukugonga chini. Ulilala. Ulishuka polepole, ukafifia, ukakaribia chini bila kupagusa, kama ulivyonieleza mkono ukiwa birikani. Nikaipa kumi na tano, ukabaki pale pale. Maana yake kumi ilikuwa mbali vya kutosha, na tano haikuwa. Ulikuwa sahihi kwa kila neno. Tulilazimisha maji yawe baridi karibu, kwa hiyo joto likaonekana linakimbia. Chembe zinalisukuma joto mbali zaidi ndani ya maji, kwa hiyo kosa letu lilikuwa kubwa zaidi kwa maji yenye chembe. Thuluthi yetu, asilimia thelathini na moja, ikawa asilimia nne. Mtu haongezi mwendo wa mashine kwa asilimia nne.

Nilimtumia profesa habari siku hiyo hiyo, akaniita ofisini. Alitazama michoro miwili, mmoja mkono huu na mwingine mkono ule.

"Nani mwingine ameona?" akauliza.

"Hakuna."

Ndipo akavuta kiti kwa mkono wake mwenyewe. "Makala zangu arobaini na tatu zina tano," akasema. "Unataka nizifukue zote kwa sababu ya fundi anayetia mkono kwenye maji?"

Nikasema fundi huyo ni mjomba wangu.

"Basi hilo ni la kifamilia, na hili ni la shule. Maliza la shule kwanza. Ukishatetea tutarekebisha kimyakimya." Akafungua daftari lake, akasema kwamba anaweza kuniwahishia siku ya kutetea.

Ningependa kukuandikia kwamba nilibishana. Nilisema, "Ndiyo, profesa." Nilimshukuru kwa chai aliyonimiminia.

Kwa hiyo tazama tarehe ya barua yangu: 2 Aprili. Nilikuwa nimejua kwa siku tisa. Ulichoniomba kilikuwa neno moja, na ulikuwa umenieleza rola, kisu, na mkono ni wa nani. Nilijua hata mara ngapi kwa saa. Nilianza barua ile mara nne. Ya kwanza ina mstari mmoja: "Usikubali, Mjomba, ukiipa kumi hesabu inaanguka." Bado ninayo. Naiweka ndani ya bahasha hii, si kwa kujitetea. Nataka ujue kwamba jibu lako lilikuwa limeshaandikwa. Lilikosa stempu tu. Halafu nikaandika ile ya nne, nikakutajia vitambaa vya meza na glavu.

Glavu nazifikiria kuliko vyote. Lilikuwa neno pekee la kweli katika barua ile. Nililiandika kwa upendo, na ndilo lililokushika.

Humu kuna karatasi nyingine tatu. Mbili ni michoro: wa tano na wa kumi. Ya tatu ni maelezo yangu, yenye sahihi, yanayosema kwamba hesabu iliyotundikwa bwaloni kwenu ina kosa, kwamba nilijua tangu tarehe 24 Machi, na kwamba barua yangu ya Aprili haikuwa ushauri bali uoga. Ipeleke kwenye kikao chao, au kwa wakaguzi wa kazi, au usiipeleke. Nakala nimempa mkuu wa kitivo na nyingine nimeipeleka kwenye jarida linalochapisha makala zetu. Mkuu wa kitivo aliisoma akaniuliza kama naelewa kwamba cheti changu bado hakijatolewa. Nikasema naelewa. Kitangoja uchunguzi, na uchunguzi unafanywa na marafiki wa profesa. Kwenye meza yangu wameshamweka mtu mwingine. Nilipokwenda kuchukua kikombe niliangalia kompyuta yake. Ameipa tano.

Nilimweleza. Akasema ataniandikia akipata muda.

Siombi chochote. Ungekuwa unasikia kwenye simu ningenyamaza tu upande huu.

Mpwa wako


8 Julai

Mpwa wangu,

Barua imefika. Kikao cha kiwanda hakikutaka kuisoma, wakasema faili limefungwa. Mwanamke wa rola akanipeleka kwa wakaguzi wa kazi. Walikuwa wawili. Mmoja alitandaza michoro yako mezani akasema haelewi hesabu. Nikamwambia haina haja, twende birikani utie mkono.

Tulikwenda. Akatia.

Wamesimamisha mashine siku sita. Sasa maji ni ya zamani na mwendo ni arobaini. Barua ya onyo ya yule mwanamke imefutwa. Vidole vyake vyote vipo, nimevihesabu. Uzembe wangu nao umefutwa kwenye faili, ila stoo nitabaki. Mwenye vidole vitatu hapimi plastiki. Mchoro wenu wameutoa ukutani. Meneja ametundika kalenda.

Mchoro wa kumi nimeutazama sana. Ni mzuri. Joto linashuka hivyo hasa. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kazi yake, na jina lako lingekaa pale peke yake. Tarehe 24 Machi plastiki ilikuwa bado inatoka kwa mwendo wa arobaini na mimi nilikuwa bado natafuta utani wa kukuandikia.

Ule mstari mmoja nimeusoma pia. Afadhali ungeuchana. Kabla ya hapo nilidhani hukujua namna ya kuniambia.

Mama yako anauliza kila siku kama nimekujibu. Sasa nitamwambia ndiyo. Anataka pia kujua kama utakuja mwezi wa nane. Nyumba ni ya kwake, mwulize yeye. Mashine niliyosema nitakuonesha siruhusiwi tena kuikaribia.

Jambo la mwisho. Mwezi wa Mei uliniandikia kwamba nitaisikia karatasi kabla ya kufungua bahasha. Niliishika. Na hii ya Juni nayo nimeishika, kwa mkono wa kushoto, mara tatu, mke wangu akinitazama. Sikusikia kitu.

Safari nyingine andika juu ni gramu ngapi.

Mjomba wako